Bomba Lililogonga Jioni

Watu wengi waliokulia Nyakato, Mwanza, ukiwauliza kuhusu kiwanda cha nguo watakutajia king'ora na kelele za mashine. Mimi nakumbuka mabomba. Yalitoka kwenye nyumba ya boila, yakapita juu ya ukuta wa kiwanda, yakapanda hadi kwenye ghorofa tulimokaa sisi familia za wafanyakazi, kisha yakapenya kuta na kushuka nyumba hadi nyumba. Kazi yake ilikuwa moja tu: joto lililobaki baada ya kutia nguo rangi lisipotee hewani, lipashe maji ya kuogea watu. Aliyebuni mpango huo simjui, ila alikuwa na akili na hakuwa mchoyo. Tulikuwa watu wa mishahara midogo, lakini tulioga maji ya moto bila kuwasha hata kipande cha mkaa. Tukienda kutembelea jamaa zetu Mabatini tulikuwa tunanyanyua pua kidogo.

Baba alikuwa mtunza boila. Alikuwa mfupi, mkimya, mikono imejaa makovu ya kuungua, na alinukia mafuta mazito hata Jumapili kanisani. Zamu yake ilipoisha jioni, kabla hajanawa, alichukua spana na kuligonga bomba la kuja kwetu: mbili za haraka, kimya kidogo, kisha moja. Sauti ilisafiri ndani ya chuma mpaka ghorofa ya juu kabisa, bafuni kwetu, na mama akiisikia alibandika sufuria ya ugali. Baba akifika mlangoni, maji yameanza kuchemka. Ghorofa nzima walijua. Majirani walimtania mama ngazini, "Wewe mwenzetu una simu ndani ya nyumba kama meneja." Mama alicheka huku amejifunika mdomo kwa kanga. Nadhani hayo ndiyo yalikuwa mapenzi yao yote ya hadharani, maana sikuwahi kuwaona hata wakishikana mikono.

Kisha ikaja ile miaka ya soko huria. Marobota ya mitumba yakawa yanashushwa mjini kila kukicha, na vitambaa vyetu vikarundikana ghalani bila mnunuzi. Siku moja wafanyakazi waliitwa uwanjani wakaambiwa kiwanda kinasimamishwa kwa muda wakati kinatafutiwa mwekezaji. Hayo maneno "kwa muda" nayachukia hadi leo. Baba ndiye aliyeizima boila. Ilichelewa sana kupoa, na mabomba yaliguna humo ukutani kama mgonjwa anayegeuka kitandani, mpaka yakanyamaza.

Tuliachwa tuendelee kukaa ghorofani, kwa sababu hakuna aliyejua tupelekwe wapi. Umeme ulikuwa wa mgao, leo upo, kesho haupo. Kila nyumba ikanunua jiko la mkaa, na kwa kuwa vibaraza vilikuwa vidogo, watu wakapikia ngazini. Kuta zikawa nyeusi mpaka juu. Watoto wakaanza kukohoa. Bibi mmoja wa ghorofa ya pili, mwenye pumu, alikuwa akitoka nje kila jioni na kigoda chake, akikaa chini ya mlingoti wa umeme mpaka watu wamalize kupika. Sisi tuliokuwa tunanyanyua pua tukazoea kuoga maji ya baridi, na wala hakuna jamaa wa Mabatini aliyetuhurumia.

Pamba ilikuwa inakufa wakati ule, lakini samaki ndio kwanza walikuwa wanapata soko. Viwanda vya minofu ya sangara vilijengwa ufukweni, na vilitaka mitumbwi mikubwa ya injini ya kupeleka barafu visiwani na kurudi na samaki. Baba, aliyeelewa injini kuliko alivyoelewa watu, akapata kazi katika mtumbwi mmoja. Alikuwa anapotea siku kadhaa, anarudi amebeba kichwa cha sangara kwenye gunia, anaoga, analala. Hakulipenda ziwa. Mtu aliyezaliwa ufukweni Mara, kwa watu wanaoogelea kabla hawajasema vizuri, lakini yeye alisema maji mengi namna ile hayana adabu.

Mara ya mwisho alipoondoka hakukuwa na lolote la kukumbukwa. Alimwambia mama anunue mafuta ya taa. Baadaye upepo ulivuma upande wa Ukerewe, na mtumbwi haukurudi. Miili ya wenzake wawili iliokotwa ufukweni. Baba hakuonekana, wala shati lake, wala kiatu.

Majirani walikuja wakakaa na mama, wakasubiri aanze kulia ili nao walie. Mama aliwapa chai. Hakukaa chini sakafuni, hakufunga kitambaa kichwani kama wajane wanavyofunga. Alisema, "Sijaona maiti," akaenda kufua. Watu walinong'ona kwamba ana moyo mgumu. Mimi nilikuwa ndio kwanza nimemaliza kidato cha nne, msichana mwenye mdomo na hasira za karibu, na nilitaka kuwafukuza wote na chai yao. Lakini nilimkasirikia mama pia. Nilitaka kulia, na nyumba yenyewe ilikuwa haijaniruhusu.

Hivyo ndivyo tulivyokuwa wakati mradi wa kanisa ulipofika pale ghorofani. Walimleta mhandisi mmoja kijana, mnene, mcheshi, aliyependa maandazi ya jirani yetu kupita kiasi. Alituita uwanjani akasimama juu ya kreti la soda. "Ndugu zangu, jua lote hili la Mwanza ninyi mnalianikia dagaa tu," alisema, watu wakacheka. Mpango wake ulikuwa kuweka juu ya paa masanduku mapana yenye vioo, na ndani yake mabomba yaliyopakwa rangi nyeusi. Maji yangepita humo, yangepata moto wa jua, yangekaa kwenye tangi, kisha yangeshuka majumbani kwa mabomba yale yale ya zamani ya kiwanda. Mkaa ungebaki kwa ajili ya chakula tu, na hata huo alitufundisha kuutumia kidogo, kwa majiko ya udongo yanayoshika joto.

Wanaume waliokuwa wamekaa bila kazi tangu kiwanda kifungwe walifanya kazi ile kama watu waliorudishiwa majina yao. Walilipandisha tangi kwa kamba huku wakiimba. Siku bomba lilipofunguliwa, jirani yetu wa maandazi ndiye aliyeweka mkono wa kwanza, akaunguzwa, akapiga kigelegele. Bafuni kwetu mama alifungua maji akayaacha yatiririke kwenye kiganja chake. Niliona mvuke ukimpanda usoni.

Jioni ile tulikuwa tunachambua mchicha. Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya mawe ya mlimani na baridi ya ziwa ilianza kuingia dirishani. Bafuni, ndani ya ukuta, kikagonga kitu. Mbili. Kimya. Moja.

Mama aliweka mchicha chini. Akasimama, akatia maji kwenye sufuria, akabandika jikoni. Akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya kila siku, "Baba yako ametoka kazini."

Sijui niseme nini kuhusu dakika zile. Niliogopa, ndiyo. Lakini zaidi ya kuogopa, niliangalia mlango.

Kesho yake nilimfuata mhandisi juu ya paa nikamuuliza mabomba yanagonga kwa nini. Alifurahi kuulizwa. Alinieleza kwamba chuma kikipata joto hurefuka na kikipoa hujivuta. Asubuhi jua likipanda, na jioni likizama, bomba husugua pale linapopenya ukuta, ndipo hugonga. Nilikuwa nimeyasoma hayo shuleni, nilikuwa na alama nzuri tu ya fizikia, na nikashuka mbio kumweleza mama. Alinisikiliza mpaka mwisho huku akisonga ugali.

"Sawa," alisema. "Na kabla hujasoma fizikia, alikuwa anagonga nani?"

Tangu siku hiyo akawa anapika ugali wa watu watatu. Sahani ya baba aliifunika kwa sahani nyingine na kuiacha mezani. Asubuhi ilikuwa bado ipo, na kwa kuwa kwetu chakula hakitupwi, kiporo kile kilikuwa changu. Miezi na miezi nilikunywa chai kwa ugali mkavu wa mtu ambaye hakuja. Ukiniuliza majonzi yana ladha gani, nitakwambia.

Sitaki kusema uongo kwamba sauti ile ilikuwa sawasawa kila siku. Siku nyingine iligonga nne, siku nyingine moja tu, siku ya mawingu haikugonga kabisa. Mama alikuwa na jibu la kila siku. Zikiwa nyingi, baba ana haraka. Ikiwa moja, amechoka. Isipogonga, yuko zamu ya usiku, na siku hizo mama alikuwa mchangamfu kidogo, kama mwanamke aliyepata nafasi ya kupumzika. Nilikuwa nikimwambia, "Mama, hicho ni chuma," naye alijibu bila hasira, "Basi wewe usisikilize."

Lakini nilisikiliza. Marafiki zangu wakiniita twende mjini Nyamagana kutembea nilitafuta sababu ya kurudi kabla jua halijazama. Jioni moja mama alichelewa sokoni na sauti ikaja nikiwa peke yangu. Mikono yangu ikachota maji, ikabandika sufuria. Nilisimama pale nikiitazama ile sufuria, mimi na fizikia yangu, mpaka mama alipoingia. Aliiona. Akaweka kikapu chini, akaleta unga.

Ulipopita karibu mwaka, akaja baba mdogo, mdogo wake baba, kutoka kijijini kwetu Mara. Alikuwa ametumwa na ukoo. Kwetu mtu akipotea ziwani na mwili usionekane, hazuiliwi kaburi. Kuna mti tunauita yago, ambao Waswahili huuita mwegea, wenye matunda marefu, mazito, magumu. Tunda moja huchumwa, hufungwa nguo, hulazwa kaburini badala ya mtu, na watu hulia kilio chao chote. Baada ya hapo marehemu ametulia na walio hai wanaweza kuendelea. Bila hivyo anabaki njiani. Lakini tunda haliwezi kuchumwa mpaka mke akubali kwamba mume amekufa.

Baba mdogo alikaa pembeni ya kiti kama anavyokaa mtu mwenye maneno mazito. "Semeji," alisema kwa lafudhi yetu ya nyumbani, "mwaka unakatika. Watu wanauliza. Mtu asiyezikwa hana pa kukaa."

"Anayezikwa ni aliyekufa," mama akasema.

"Ziwa likimchukua mtu halimrudisi kwa kuombwa. Mti upo, tunda tumesaliona. Tunangoja neno lako tu."

"Kunywa chai kwanza," mama akamwambia. "Jua likizama tutaongea."

Tukakaa. Baba mdogo alizungumza habari za muhogo na mvua, mama akawa anaitikia. Nilijua mama anafanya nini na nilitamani nimzuie. Mwanga ukaanza kuwa mwekundu ukutani. Ndipo ikagonga, safi kuliko siku zote: mbili, kimya, moja.

Baba mdogo aliweka kikombe chini. "Nani huyo?"

"Si umekuja kunieleza kwamba amekufa?" mama akasema. "Haya, mjibu."

Nilifungua mdomo nimweleze baba mdogo habari za joto na chuma. Badala yake nikamwongezea chai. Mzee yule, aliyezika wazazi wake na watoto wake wawili, alikaa ameinamisha kichwa. Habari ya tunda haikutajwa tena.

Asubuhi nilimsindikiza stendi. Alipokuwa amekwisha kupanda basi la Musoma, aliinamia dirishani akanishika kifundo cha mkono. "Mtoto wa kaka, mama yako hana wazimu. Nimesikia kwa masikio yangu. Lakini kama ni yeye, basi yuko kwenye taabu kubwa. Kwa nini anagonga na haingii?"

Basi likaondoka. Nilirudi nyumbani kwa miguu, njia nzima, nikiwa na swali lile. Kabla ya hapo ile sauti ilikuwa inanitisha na kunifariji kwa pamoja. Baada ya hapo nilianza kuisikia kama sauti ya mtu aliyefungiwa nje ya nyumba yake mwenyewe.

Wakati huohuo watu wa chini walianza kulalamika. Maji yalitoka kwenye tangi yakiwa ya moto, lakini yakifika ghorofa ya chini yalikuwa vuguvugu. Mhandisi alizunguka ghorofa nzima akigusa mabomba kwa viganja, akasema tunapasha ngazi na kuta badala ya kupasha maji. Mabomba yote yavalishwe. Na nguo yao ilikuwepo: ghala la kiwanda lilikuwa limejaa mabaki ya pamba, yale manyoya machafu ya chini ya mashine ambayo hakuna aliyeyataka. Yangefungwa kuzunguka bomba, yakashikiliwa kwa gunia na kamba ya katani, na pale bomba linapopenya ukuta yangesindiliwa kwenye tundu. "Na zile kelele zitakwisha," aliongeza huku akitafuna andazi, akidhani anatupa habari njema.

Jumamosi moja watu wote walishuka. Pamba ilikuwa hewani kama siku za zamani, watu wana nyusi nyeupe, wazee wa mashine wanapiga soga. Waliokuwa wakifuma nguo sasa walikuwa wanavisha jengo. Walianza chini, wakapanda ghorofa kwa ghorofa, mpaka wakafika kwetu. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda, katikati ya mlango.

"Shikamoo mama," mhandisi akasema.

"Marahaba."

"Tunaomba tuvalishe na hili la kwako. Bomba la kwenu ndilo mama wa mengine yote. Limepita bafuni, limezunguka jikoni, ndipo linashuka kwa wenzako. Hapa ndipo joto linapotoroka."

"Litoroke," mama akasema. "Humu hamna anayehisi baridi."

Watu walianza kunung'unika. Mwenyekiti wa ghorofa, mzee aliyependa sana neno "utaratibu," alisema mali hii ni ya wote na mtu mmoja hawezi kuikalia. Mama akamwambia, basi vunjeni mlango. Hakuna aliyesogea. Na sababu ilikuwa kwamba mama ndiye aliyekuwa mkandaji wa ghorofa ile. Mwanamke akijifungua, mama ndiye aliyeitwa kumkanda kwa maji ya moto, kumfunga tumbo, kumwogesha mtoto. Nusu ya wanawake waliokuwa wamesimama ngazini na magunia ya pamba walikuwa wamelala uchi mbele ya mikono ile wakilia. Huwezi kuvunja mlango wa mtu kama huyo. Wakashuka.

Mabomba mengine yote yakawa kimya. La kwetu likabaki peke yake, na sauti yake ilisikika zaidi. Niliona hata majirani walikuwa wakisimama kidogo ngazini jioni, wakisikiliza, kisha wakiendelea na safari zao bila kutazamana.

Haikupita muda, binti wa jirani yetu wa maandazi akajifungua mtoto wake wa kwanza. Walikuwa wanakaa ghorofa ya chini. Mama aliitwa mchana, nikaenda naye kumbebea kanga na mafuta. Jua lilikuwa kali siku hiyo. Ukigusa ukingo wa dirisha unaungua. Mzazi alikuwa amelala, mdogo, amechoka, na jirani yetu, sasa nyanya wa mtoto, anahangaika. Mama alikwenda bafuni kwao, akafungua maji, akatia mkono. Akaacha yatiririke. Akatia mkono tena.

"Haya ni ya kunywesha kuku," alisema.

"Ndiyo yalivyo huku chini," jirani akajibu. Hakuongeza neno. Alikuwa rafiki yake wa miaka mingi, na angeweza kuongeza.

Wakawasha jiko la mkaa, wakaliingiza chumbani, na kwa kuwa mzazi hapaswi kupigwa na upepo, madirisha yalikuwa yamefungwa. Mkaa ulikuwa na unyevu. Moshi ukajaa. Mama alianza kukanda, na kichanga, aliyekuwa na siku chache tu duniani, akaanza kukohoa. Kilikuwa kikohozi kidogo sana, kama cha paka. Mama alisimamisha mikono. Aliangalia lile bomba lililovalishwa gunia, akalifuata kwa macho kutoka sakafuni, ukutani, mpaka lilipopotea darini kuelekea juu. Akamalizia kazi yake. Mtoto alitolewa nje kwa jirani mwingine mpaka moshi ukaisha.

Wakati wa kupanda, mama alisimama kila ghorofa akaweka kiganja kwenye bomba. Juu ya gunia hapakuwa na joto lolote. Tulipoingia kwetu alikwenda moja kwa moja jikoni akagusa bomba tupu, akaondoa mkono haraka. Jiko zima lilikuwa na joto kama mchana wa kiangazi.

"Joto lote liko hapa," alisema. Akakaa chini sakafuni, pale pale. Tangu mtumbwi upotee sikuwa nimemwona amekaa sakafuni. "Baba yako hakuwa mtu wa kumnyima mtoto maji."

Kesho yake alinituma kwa mhandisi nilete pamba. Mhandisi alikuja nayo mwenyewe na vijana wawili, mama akawapokea magunia mlangoni akawaambia wangoje nje. Kwanza aliliogesha lile bomba. Sina neno lingine. Alichukua beseni, sabuni na kitambaa, akaanza juu, pale linapotoka darini, akaja chini polepole, akifuta kila kiungo, akibadilisha maji. Niliwahi kuwaona wanawake wakimwosha bibi yangu alipofariki, na nikaelewa mama anafanya nini. Mhandisi, aliyekuwa akitazama kutoka mlangoni, naye alielewa. Alivua kofia yake, na siku hiyo hakuomba andazi.

Kisha mama akaketi akachambua pamba, akatoa mbegu na vijiti na nyuzi zenye mafuta, mpaka ikabaki ile iliyokuwa safi. Magunia aliyakataa. Alifungua sanduku lake akatoa jora la marekani, kitambaa cheupe kutoka kiwandani ambacho alikuwa amekihifadhi bila kukikata, akakichana vipande virefu. Alilivisha bomba lile pamba, akalizungushia nguo nyeupe, akafunga fundo baada ya fundo. Alikuwa akiongea nalo kwa lugha ya nyumbani, maneno ya chini chini ya mke na mume, na nikageuza uso.

Alipomaliza jikoni aliingia bafuni. Ilibaki sehemu ndogo tu, pale bomba linapopenya ukuta. Tundu lilikuwa limechubuka kwa miaka ya kusuguliwa na chuma. Hapo ndipo alipokuwa akigonga. Namwandika "yeye," ndiyo. Nimejaribu kuandika "lilipokuwa likigonga" na kalamu imenikatalia.

"Kesho uende stendi," mama akasema huku akitengeneza donge la pamba. "Umtumie baba yako mdogo neno kwa watu wa basi. Tunda lichumwe."

Nikamshika mkono. Hata mimi sikujua kwamba nitamshika.

"Mama, hapo paache."

Alinitazama.

"Hapo padogo tu. Kiganja kimoja. Joto gani litatoroka hapo?"

"Si wewe uliyeniambia ni chuma?"

"Paache, mama." Na ndipo nilipolia, kilio nilichokuwa nikidaiwa tangu siku ile ya chai, kwa sauti, kinywa wazi, kama mtoto aliyepotea sokoni. Nilimwambia nitawabebea maji watu wa chini kwa ndoo, kila siku, maisha yangu yote. Nilimwambia kwamba baba akinyamaza hatakuja tena. Nje, ngazini, nilisikia mhandisi akiwaambia vijana wake washuke.

Mama alingoja mpaka pumzi zikanirudia. Hakunikemea wala hakunikumbatia. Alinifuta uso kwa ukingo wa ile marekani.

"Mwanangu," alisema, "mtu hazikwi nusu."

Akaliweka donge la pamba kwenye kiganja changu, akanifunga vidole juu yake. Lilikuwa jepesi, na lilikuwa na harufu ya mafuta mazito. Akasogea pembeni ili nilifikie lile tundu. Chuma kilikuwa bado kina joto. Nikaiingiza pamba pembezoni mwa bomba, kidogo kidogo, nikaisindilia kwa kidole gumba mpaka nafasi ikaisha.